Redio ya Kwenye Benchi

Jumatano, 5 Machi
Nimempeleka mjukuu wangu kwa mshauri wa hospitali. Kasuku, tulimwita hivyo kwa maneno yake mengi. Tangu tumzike mama yake, binti yangu, mtoto hali chakula, hasemi. Na kimya kingi kina mshindo. Mjukuu huyu ndiye aliyenifundisha herufi hizi, mimi niliyeiona shule kwa nje.

Mshauri mwenyewe mtoto wa juzi. Eti, "Bibi, atakayosema humu hutayasikia kwangu." Nikamwuliza, nani kamlea, wewe au mimi? Akasema maisha ya Kasuku yakiwa hatarini tu ndipo atanipigia simu. Kayasema mbele ya mtoto, naye kaitikia kwa kichwa.

Nje ya mlango pana redio. Inanguruma matangazo ya sabuni ili sisi wa kwenye benchi tusidake neno.

Jumatano, 12 Machi
Saa nzima ndani! Kwangu hata salamu kwa mizani. Nimemwuliza mshauri, huko ndani analia? "Muulize mwenyewe, bibi." Mkavu kama kuni. Na simu haijalia. Nimeikasirikia.

Jumamosi, 15 Machi
Kasuku kala nusu ya ndizi. Kaniita "mke mwenzangu", utani wetu wa zamani. Nimejifungia chooni nikalia.

Jumatano, 19 Machi
Nimeharibu. Redio ilikuwa karibu na mkono wangu. Nikaipunguza, kidogo tu. Nikamsikia: "Bibi asijue, ameshabeba mengi –" Kisha kimya. Kumbe na wa ndani walisikia redio inafifia. Mlango ukafunguka, mkono wangu uko pale pale.

Njiani nikamwambia, nisamehe, masikio ya uzee hayana adabu. Akajibu, "Hata huko umenifuata, bibi."

Jumatano, 26 Machi
Kakataa kwenda. Chakula kakirudisha kilivyo. Nimekwenda mwenyewe kumwangukia mshauri. Hakunigombeza – bora angenigomba. Kasema atampigia, aje peke yake Ijumaa.

Ijumaa, 28 Machi
Kaenda peke yake. Nikakaa na simu mapajani. Ndipo nikaelewa: isipolia, mtoto yu salama. Wiki zote zile nilikuwa napewa habari njema nikainunia.

Saa tano ikalia. "Bibi, njoo. Niko naye, hayuko peke yake. Kuna jambo lazima nikuambie, na yeye anajua."

Niko kwenye benchi. Redio wameizima. Mlango uko wazi, mshauri kaniita mara mbili. Mimi niliyetaka kusikia kila kitu. Naandika ili nichelewe kuingia. Sasa ananiita Kasuku mwenyewe –