Mtihani Nimefaulu, Dada

Machi 1976

Kwa mpendwa Dada Hadijah,

Salaamu zangu zikufikie hapo Koboko, wewe, Mama na watoto wote. Natumaini mvua hizi hazijawaletea homa na kwamba goti la Mama limeacha kumsumbua. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Barua hii isome kwanza peke yako, mlango umefungwa, kisha uamue mwenyewe nani asikie nini.

Unakumbuka niliporudi kutoka Urusi na shahada yangu ya ufamasia, Kampala wakaniambia kwamba miaka mitano ya chuo cha Kharkov peke yake haitoshi. Lazima nifanye mtihani wao, kwa Kiingereza, ndipo nipewe leseni. Kaka yetu Sule alifurahi kuliko mimi. Lile duka la dawa la Mhindi alilopewa na wanajeshi wenzake mwaka wa sabini na mbili, Wahindi walipofukuzwa, halikuwa na mfamasia, na wakaguzi walianza kumsumbua. Alinipa chumba nyuma ya duka kule Arua, akaninunulia vitabu na mafuta ya taa, akasema nisaidie kidogo kaunta tu, muda mwingine wote nisome.

Nilisoma, Dada. Dawa nilizijua, majina ndiyo yaliyonitesa. Kitu nilichokiita hivi kwa Kirusi miaka yote hiyo, kwa Kiingereza kina jina jingine kabisa, na mgonjwa hawezi kungoja mfamasia atafsiri kichwani. Kila alasiri nilitembea hadi Mvara kwa rafiki yangu Candia, mwalimu wa Kiingereza, naye akinihoji kama mtahini. Aliniambia najibu kama mtu anayengoja kuchapwa, akataka nijibu kama mtu anayempa mgonjwa dawa mkononi.

Siku moja akaja dukani Pasca wa Ediofe, mke wa Obeti fundi wa baiskeli. Binti yao alikuwa ameshikwa na homa ya matumbo, wakanunua kwetu vidonge vya rangi mbili, kloramfenikoli. Hakuja kugombana. Alileta vilivyobaki, amevifunga katika kitambaa, akaniuliza kama alikosea kumpa.

“Mimi nilimupa asubuhi, saa sita, jioni, usiku, vile mulisema,” aliniambia. “Nilikosa wapi?”

Mtoto walikuwa wameshamzika.

Mezani kwangu nilikuwa na chupa ya iodini ya kufanyia mazoezi ya mtihani. Pasca alipoondoka nilifungua ganda la kidonge kimoja, nikaonja unga wa ndani. Dawa ile ni chungu mno. Unga huu haukuwa na uchungu hata kidogo. Nikaumimina kwenye kisahani, nikaudondoshea iodini, ukageuka buluu iliyokoza, karibu nyeusi, kama wanga wowote unavyogeuka. Nikafungua kingine, kisha nikashusha boksi jipya kutoka rafuni. Vyote vilikuwa unga wa muhogo.

Nilimpelekea Sule kisahani kile. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema mzigo huo unaletwa na wakubwa wake, na mkubwa haulizwi. “Wewe soma mitihani yako, Asiya. Leseni ikikaa ukutani, hakuna mutu atauliza hii maneno.” Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nasomeshwa kwa nini.

Hata hivyo nilikwenda Kampala. Nilijiambia nikiwa na leseni nitakuwa na sauti. Katika mtihani wa mdomo waliniuliza mfamasia afanye nini akigundua dawa aliyonayo ni bandia. Nilijibu bila kusita: aiondoe rafuni, asiuze tena, awaambie walioitumia. Mzee aliyeketi katikati ya watahini aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika. Nimefaulu, Dada. Leseni ninayo, yenye muhuri na jina langu kamili.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Niliporudi Arua na leseni yangu, nilipitia Ediofe kabla ya kufika dukani. Nilimwambia Pasca kwamba hakukosea popote, kwamba alichompa mwanawe ni unga. Nilimsihi anyamaze, maana najua nyakati hizi tunaishi vipi. Yeye hakumwambia mtu ila mumewe. Obeti hakuweza kunyamaza. Kesho yake alikuja akasimama mbele ya wateja, akauliza kwa sauti ni nani aliyemuuzia mtoto wake unga. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta. Sule alimshika bega kwa upole, akamwambia twende tukaongee nje, akamwingiza ndani ya gari lililokuwa na wanaume wawili nisiowajua. Obeti hajarudi. Nilipomuuliza Sule, alisema alimshusha njiani. Kisha akanipa fremu ya kioo, nitie leseni yangu.

Kaka yetu amemuua yule mtu, Dada, au amempeleka kwa waliomuua. Nimetafuta namna nyingine ya kulisema hilo, sikuipata.

Siku ya soko nilivuka mpaka wa nchi pale Vurra pamoja na Pasca, tumejitwika vitunguu kama wanawake wa biashara. Tuko Aru, upande wa Zaire. Pasca hushinda ameketi akitazama barabara inayotoka kwetu. Leseni yangu hapa si kitu. Sista wa zahanati amenieleza kwa huruma kwamba mtihani wa huku ni wa Kifaransa. Nimeanza kujifunza majina upya.

Dawa zote alizowaletea Sule nyumbani zifukieni, hata zile zinazoonekana nzuri. Akija, msalimie kama kawaida, wala usibishane naye. Barua hii ichome.

Kwa Mama sijui useme nini. Yule ni mwanawe, nami ni mwanawe. Labda mwambie kwanza kwamba nimefaulu, afurahi japo siku moja.

Nibusie watoto. Mkiomba dua mtajeni Obeti, ingawa hakuwa wa msikiti wetu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Asiya