Tangi Lililovuta Pumzi

Agadez, 3 Machi 1999

Kaka Ghoumour,
Salamu nyingi. Mama na mimi wazima. Nawe, jua la jangwani likoje? Uliondoka sijakuambia jambo. Bomba la kupumulia la tangi jipya la mafuta la pikapu yako nililipachika ulivyoagiza, ila niliuona mdomo wake uko wazi, nikahofia mchanga. Nikaufunika kwa ngozi ya mbuzi, nikaukaza kwa kamba kama kiriba cha maji. Niliona haya kuuliza, mafundi wa gereji, wanaonicheka kuwa nimesoma ila sisemi, wangesema, “Bubu wa shule kaamka!” Nimefanya vizuri?
Mdogo wako,
Assalama

Kisimani, njia ya Dirkou, 8 Machi

Mdogo wangu,
Tu hai, alhamdulillahi. Barua yako kama ipo haijanifika. Gari linazimika kila baada ya saa moja. Nikifungua mfuniko wa tangi linavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka kwenye maji, kisha injini inawaka. Abiria wetu, Mzee Amoumoun, akasema tumepakia mmoja wa watu wa upweke, wale majini wa jangwani. Nikamtania, “Basi naye alipe nauli, mzee!” Hakucheka. Juzi adhuhuri tulipolala chini ya gari, aliondoka kwa miguu. Upepo umefuta nyayo. Tumemtafuta siku mbili.
Kaka yako,
Ghoumour

Agadez, 14 Machi

Kaka,
Sikuulizi hali, nisamehe. Hakuna jini. Ni ngozi ya mbuzi niliyofunikia mdomo wa bomba la tangi, kuzuia mchanga. Tangi lilikosa hewa. Ing'oe, kisha rudini mkamtafute mzee, nakusihi.
Assalama

Dirkou, 21 Machi

Mdogo wangu,
Usilie. Nimeing'oa, tangi lilikuwa limebonyea ubavu. Sasa gari halizimiki, lakini kila saa nasimama kusikiliza. Mzee hajaonekana, na maji hakubeba. Watu wameridhika kuwa majini wamemchukua. Waache hivyo. Choma barua hii.
Kaka yako

Agadez, 2 Aprili

Kaka,
Mama anakusalimu; hajui ninachoandika. Jana alikuja Raichatou, binti wa Mzee Amoumoun. Aliniuliza, “Mdogo wangu, baba alisikia nini hata akatuacha?” Nikamweleza yote, tangu bomba. Aliiweka chai yake chini.
“Kwa hiyo hakurukwa na akili,” akasema. “Kitu kilipumua kweli.”
Hataki pole yangu. Anataka kuonyeshwa mahali mliposimama. Nimemwahidi utampeleka. Lori la chumvi linaondoka kuja huko Dirkou Alhamisi. Usipokuwa umefika hapa, nitapanda naye, nikuulize mahali hapo ana kwa ana.
Mdogo wako,
Assalama