Ng'ombe Walio Kichwani Mwangu

Mabawe, Ngara
9 Oktoba 2017

Kwako dada Rozalia,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, watoto nao wakiwa na afya, hasa Happy ambaye Pasaka aliondoka hapa anakohoa. Huku nyumbani mvua zimeanza, maharage tumeshapanda, na baba mdogo Gervasi mguu wake umepona. Mimi mwili hauna tatizo.

Barua hii nimempa Mukeshimana, yule anayekuja na dagaa gulioni Bisibo, nikamwambia akupe mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Sikupiga simu kwa sababu simu yako huipokea shemeji Ngeleja kwanza. Ukimaliza kusoma, itie jikoni.

Dada, tangu Pasaka hujanitumia hata salamu, na sababu naijua. Ulikuja na mdomo umevimba na jino moja pungufu, ukamwambia baba umechoka kupigwa, unataka kurudi. Baba akajibu kwamba Ngeleja atadai ng'ombe wake wanne, naye hana. Ukamuuliza walikwenda wapi. Akasema, "Ng'ombe wako wamo kichwani mwa mdogo wako Esperansia. Kawatoe humo." Ulinitazama, ukamfunga Happy mgongoni, na kesho yake ukarudi Bisibo. Jicho lile halijaniondoka.

Nikueleze kwanza kichwa chenyewe kinaingiza nini, kwa sababu hujawahi kuuliza na mimi sijawahi kusema. Ninafanya kazi kwenye kituo cha kupokelea wanaovuka kutoka Burundi. Nakaa benchi moja na Niragira, mkimbizi mwenyewe, aliyekuwa mshauri wa wanafunzi huko Muyinga. Tunasikiliza akina mama wanasema walichokiona njiani, tunaandika, tunawasikiliza tena. Yeye shirika linampa posho ya elfu hamsini, kwa kuwa mkimbizi haruhusiwi kuajiriwa. Mimi mshahara wangu ni laki tano na elfu ishirini. Aliniona tajiri mpaka nilipomwonyesha hati ya mshahara. Hapo hutoka mfuko wa pensheni, hutoka kodi, kisha Bodi ya Mikopo hukata elfu sabini na nane. Mkononi inabaki laki tatu na hamsini na kitu, na humo kuna pango, nauli na chakula. Niragira alicheka, akasema kumbe na mimi ninaishi kwa mgao.

Deni lenyewe ni milioni tisa na ushee. Nitalilipa kwa miaka kumi, ikiwa nitakuwa na kazi miaka kumi. Wanaovuka wamepungua, na mkataba wangu unaisha Desemba. Huo ndio utajiri wa shahada ya saikolojia. Majirani walipomuuliza baba nimesomea nini, alisema nimesomea kusikiliza watu wakilia, kazi ambayo mama yetu aliifanya bure mpaka akafa.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Wiston, yule mwalimu wa Biharamulo niliyekutajia, alileta watu wake mwezi uliopita. Msemaji wao alikuwa mzee Bulugu, mtu wa maneno. Unajua desturi yetu, binti hakai kwenye kikao. Anakaa ndani na shangazi, anaitwa mwisho, anapiga magoti, anaulizwa kama wageni anawajua na kama baba apokee. Anatakiwa aseme ndiyo kwa sauti ndogo. Ni neno moja tu. Mimi neno hilo nililisubiri tangu Pasaka.

Nikiwa ndani nilisikia yote. Baba alitaka ng'ombe wanane. Alisema huyu si kama wale walioishia darasa la saba, kila mwaka wa chuo kikuu umemla, na hata ng'ombe wa dada yake wote aliwamaliza kwa kumsomesha. Mzee Bulugu akajibu kwamba katika umri wake hajawahi kusikia ng'ombe aliyefika chuo kikuu. Tena, akasema, mke aliyesomea mawazo ya watu mume wake hataweza kumdanganya hata mara moja, na hiyo ni hasara, bei ipungue. Watu walicheka, na baba alicheka kuliko wote. Nilimwacha acheke.

Nilipoitwa nilipiga magoti. Nikaulizwa. Nikasema sijakataa, lakini kabla ya kukubali nataka wageni wajue wanachokichukua. Nikafungua fundo la kitenge, nikatoa hati ya mshahara na barua ya Bodi, nikampa mzee Bulugu. Yeye akampa Wiston asome kwa sauti. Akasoma ada, malazi, chakula, vitabu, miaka mitatu, yote mkopo. Nikasema kila senti ya chuo nilikopa mimi na ninailipa mimi, na sekondari alilipa marehemu mama kwa maharage yake. Kisha nikamuuliza baba, mbele ya wakwe, ng'ombe wanne wa Rozalia walisoma chuo gani.

Hakuna aliyecheka. Baba alitazama mikono yake, jasho likamtoka, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Nimefundishwa huruma miaka mitatu, dada, nikafanyiwa mtihani wa huruma nikafaulu. Siku ile niliitafuta sikuipata. Nilimwangalia kama ninavyoangalia wadudu kwenye maharage.

Mzee Bulugu akarudia hesabu. Alisema kama deni linahamia nyumbani kwao pamoja na bibi harusi, basi wanane ni ndoto, atatoa wanne. Nikasema wanne wanatosha, lakini hawataingia zizi la baba. Wapokelewe na baba mdogo Gervasi, na hao hao wapelekwe Bisibo kumkomboa Rozalia. Shangazi alitaka kunivuta ndani. Gervasi akasimama, akasema yeye atawapokea, na anayepinga aseme walipo wale wa kwanza. Mzee Bulugu akasema walikuja kuoa mmoja, na sasa anaona wanawatoa wawili.

Ng'ombe wamefika Jumamosi. Wako kwa Gervasi, Bukiriro, na wawili wana mimba. Baba hajaenda kanisani Jumapili mbili. Gulioni vijana wakimwona wanaulizana ng'ombe wa Leonidasi wamemaliza shahada mwaka gani. Ningependa kukuambia kwamba inaniuma. Hainiumi. Nikiamka asubuhi huwa nalikumbuka hilo kabla ya sala.

Lakini kuna jambo ambalo sikulisema kikaoni, na Gervasi halijui. Mwaka 2010, wiki mbili baada ya harusi yako, baba aliwauza ng'ombe wako mnadani na kununua kiwanja Kabanga chenye vyumba viwili vya duka. Kodi ya vyumba hivyo anaila mpaka leo. Nalijua hilo kwa sababu mkataba wa mauziano niliuandika mimi. Nilikuwa kidato cha nne, na baba haandiki zaidi ya jina lake. Aliniambia nisikuambie, nami nikanyamaza. Nilipoomba mkopo wa chuo ilihitajika sahihi yake kama mdhamini. Alikataa. Nikamwambia akisaini, habari ya Kabanga itabaki kwangu. Akasaini.

Kwa hiyo kwa miaka saba umewaambia watu kwamba ulinisomesha, na mimi nikakuacha useme. Ulinitumia elfu kumi ya mayai yako nikiwa mwaka wa pili, ukaandika kwamba angalau kupigwa kwako kuna faida. Nilinunua viatu.

Siku ile ya kikao baba alifumbua mdomo akanitazama, akaufumba. Angeweza kuwaambia ni mkono wa nani ulioandika. Hakusema. Sijui kama ilikuwa aibu au alinihurumia, na sitaki kumshukuru.

Gervasi atafika Bisibo na ng'ombe Alhamisi ya wiki ijayo, pamoja na wazee wawili. Mambo ya watoto wakubwa yatazungumzwa ofisi ya kata, lakini Happy bado ananyonya, huyo hakuna wa kukunyang'anya. Tayarisha nguo zako kidogo kidogo, Ngeleja asione.

Ukifika Bukiriro huna haja ya kuja kwangu, wala kunijibu. Ng'ombe hawa si zawadi yangu. Ni wako, na huhitaji kunisamehe ili uondoke.

Wabusu watoto. Shangazi anakusalimu, na Niragira, ambaye hakujui, anakusalimu pia.

Ni mimi mdogo wako,
Esperansia