Salamu Nilizozikata

Jumatatu, 5 Mei

Vipindi viwili asubuhi. Projekta imegoma tena. Nimefundisha kwa mdomo na ubao. Mada: sauti iliyorekodiwa ni mali ya nani? Wanafunzi wa mwaka wa pili wamechangamka, hata wale wa viti vya nyuma ambao huwa wanahudhuria kwa mwili tu.

Nimesahihisha insha. Tatu zinaanza kwa sentensi ileile, neno kwa neno. Mashine imewaandikia. Nimewaita Jumatano wanieleze wenyewe. Nilitaka kukasirika, nimeshindwa. Nawapenda hawa watoto, ndilo tatizo langu.

Mchana, ujumbe kutoka kamati ya maadili ya utafiti. Rekodi zote za zamani zipate ridhaa mpya ya wahusika kabla ya mwisho wa mwezi. Zisizo na ridhaa zifutwe.

Zangu ni za kina mama wa Kimaasai wa Oldonyo Sambu. Miaka mingi ya kuwasikiliza wakieleza maisha yao na simu: ng'ombe anavyouzwa kwa simu, mvua inavyoulizwa, kijana aliye Dar anavyokaripiwa mpaka atume mbolea. Kitabu changu chote kimesimama juu ya sauti hizo. Zikifutwa sina kitabu, na nakaribia kustaafu. Naogopa.

Jumatano, 7 Mei

Wale watatu wamekuja. Wawili wamekataa katakata kama watu wa mahakamani. Wa tatu, binti, amesema: "Madam, mimi nilidhani lugha yangu haifai chuo kikuu." Nimempa wiki moja aandike kwa hiyo lugha isiyofaa. Wale wawili pia.

Jumamosi, 10 Mei

Oldonyo Sambu. Nimeendesha mwenyewe kutoka Engutoto. Zamani aliniendesha mume wangu, Baba Elia, kwa pikapu yetu. Tangu nimzike, mwaka wa pili sasa, njia hii naiona ndefu.

Nimemkuta Mama Loserian, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa usharika. Nimemweleza habari ya kamati. Nimemwonyesha fomu, kila mama asaini peke yake, kwa faragha. Ameicheka hiyo faragha. Amesema tulizungumza tukiwa wengi, kwa nini tukubali mmoja mmoja kama tumeiba?

"Na tutakubalije kitu hatujakisikia, Daktari? Lete Jumapili ya wiki ijayo, baada ya mnada wa sadaka. Kuna spika za kanisa."

Spika za kanisa! Kamati ikijua itazimia. Lakini hana kosa, na nimekubali. Kurudi nimepewa maziwa ya mgando. Watu hawa wamenilisha kuliko nilivyowalisha.

Jumapili, 18 Mei

Siku mbaya. Niandike hivyohivyo.

Ibada imekwisha, watu wametoka nje kwenye mnada wa sadaka. Mayai, mahindi, maziwa. Nimeng'ang'ania jogoo mmoja kwa bei ya kijinga ili nionekane mtu mwema. Kisha kina mama wamekaa kwenye nyasi na fundi wa kwaya ameunganisha kompyuta yangu.

Nilichojiandaa nacho ni siri kufichuka. Nilidhani yupo atakayeona haya kusikika akimsema mumewe. Wala. Rekodi ya kwanza imeanza, sauti ya Mama Loserian mwenyewe, safi kabisa: "Simu ya kwanza nilinunuliwa na mwanangu." Ya pili. Ya tatu. Kina mama wanaangaliana. Halafu Mama Loserian akainua mkono, fundi akazima.

"Huyu mwanamke ameingia kwa nani hata anaanza kuongea bila kusalimia?"

Kwanza sikuelewa. Ni wewe, nikamwambia. Akasema yeye hajawahi kufanya hivyo tangu azaliwe. Wenzake wakaitikia kwa Kimaasai, na sikuhitaji mkalimani.

Ni mimi niliyezikata. Salamu zao ni ndefu: watoto, mifugo, majani, mvua, mgonjwa wa jirani, kisha mwingine anaanza upya. Katika kazi yetu kukata hivyo tunakuita kusafisha sauti. Anza pale habari inapoanza. Nimefundisha hivyo vizazi vya wanafunzi. Nilisafisha kila rekodi, tangu ya kwanza.

Bibi mmoja akasema wajukuu watakuja kuzisikia hizi na kudhani bibi zao hawakufundwa. Hakuna aliyegombana nami. Nimepewa chai. Lakini hakuna aliyesaini.

"Turudishie salamu zetu," akasema Mama Loserian. "Kisha uje."

Jogoo amepiga kelele ndani ya gari mpaka Ngaramtoni. Nilitamani kumshusha.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekasirika. Nimebishana nao kichwani asubuhi nzima. Nani atasikiliza dakika zote hizo za habari za mbuzi? Msikilizaji wa leo hana subira, kuna tafiti, nimezisoma.

Halafu nimeingia ofisini bila kumwangalia katibu wetu, nikamwomba ufunguo wa darasa. Amenitazama tu, akangoja. Nimerudi mlangoni, nikamsalimia, nikaulizia na mama yake anayeumwa. Ndipo nikapewa ufunguo. Hasira imeniisha hapohapo, nikabaki na aibu.

Jumanne, 20 Mei

Rekodi nzima, kabla ya kukatwa, zipo. Baba Elia alizihifadhi kwenye diski na kuziweka kabatini. Hakupenda kitu kifutwe. Nimefungua kabati. Kila diski ina karatasi yenye mwandiko wake, zile herufi zake zilizolala kushoto.

Nimefunga kabati. Si leo.

Alhamisi, 22 Mei

Nimechomeka diski alfajiri, kabla ya kwenda kazini.

Upepo. Mlango wa gari. Mbwa. Halafu sauti ya mwanamume: "Takwenya!"

Ni yeye. Ni Baba Elia, na ile salamu ya Kimaasai ya kuwasalimu wanawake, aliyokuwa akiitamka kwa lafudhi yetu ya Kimeru iliyopinda. Wanawake wanacheka na kuitikia: "Iko!" Wanamuuliza kahawa yake imetoka maua? Goti lake linaendeleaje? Anawajibu mmoja mmoja. Anamtania Mama Loserian kuhusu ng'ombe aliyekataa kuuzwa. Kisha sauti yangu, kavu: "Baba Elia, tunarekodi."

Nimefungua nyingine. Yumo. Nyingine. Yumo. Nilikuwa nimesahau. Alikuwa hashuki garini bila kusalimia, na mimi nilimkata kila mara pamoja na upepo na mbwa. Nilimhesabu kelele.

Nimelia mpaka wanafunzi wakatuma ujumbe kuuliza kama kipindi kipo. Kipindi kimekuwepo. Nimewaambia yote ninayofundisha kuhusu kusafisha sauti tutayaangalia upya, na kwamba sijui bado tutaweka nini mahali pake. Wameandika hata hilo.

Jumamosi, 24 Mei

Nimezirudisha salamu, rekodi kwa rekodi. Kazi tamu. Sijawahi kuifanya kazi hii kwa raha hivi.

Na ninachokisikia kinanishangaza. Bei ya ng'ombe, mvua iliyokwepa, kijana aliyepotelea Dar, yote yamo kwenye salamu. Nilipoanza kuuliza maswali yangu ya kisomi, habari kubwa zilikuwa zimeshasemwa. Sura tatu za kitabu lazima zivunjwe. Namshukuru Mungu. Ni ajabu kulishukuria hilo, lakini nashukuru.

Jumapili, 25 Mei

Nimefika mapema, nimesalimia kila mtu, na watoto. Mnada. Safari hii sikununua kitu, jogoo wa wiki iliyopita bado anatawala ua wangu.

Kina mama wamekaa. Sikuwaambia kitu. Nikamwashiria fundi.

Upepo kwenye spika. Mlango. Mbwa wa kwenye rekodi, na mbwa wa hapo kanisani akamjibu, watu wakacheka. Kisha:

"Takwenya!"

Sauti yake ilijaza uwanja mzima. Kicheko kikakatika. Nikaona Mama Loserian ameshika mdomo. Nilidhani atanigeukia mimi, mjane, anipe pole.

Hakunigeukia. Alielekeza uso kwenye spika, na wote pamoja naye, wazee kwa vijana, kama watu wanaomwona mtu akishuka garini, wakaitikia:

"Iko!"

Salamu huitikiwa. Hawakujiuliza kama aliyesalimia yupo.

Wamesikiliza rekodi zote mpaka jua limeegemea magharibi. Wamejibizana na sauti zao wenyewe. Kuna mama mmoja aliyeomba kipande chake kifutwe, nimekifuta mbele yake. Wengine wamekubali, kwa pamoja, kwa sauti, kisha wamesaini ili kamati ilale salama.

Sijawahi kuwa na siku kama hii katika kazi yangu yote.

Ijumaa, 30 Mei

Kamati imepokea. Wameuliza swali moja tu: ile sauti ya mwanamume ni ya nani, na nani ametoa ridhaa kwa niaba yake? Ni swali la haki. Nimesaini mimi, mke.

Nimempigia Elia, mwanangu aliye Mwanza. Nimemwambia nahitaji sahihi yake pia, na kwamba kuna sauti ya baba yake. Amesema atapanda basi kesho.

Baridi imeanza. Nimetoa blanketi zito na kutandika kitanda cha Elia.