Mafunjo Tele, Ngege Karibu Kwisha

Jumatatu, 4 Februari 1974
Matope hadi kiunoni tena. Nimepima mafunjo ya ghuba kwa kamba, nikahesabu samaki mitegoni. Ofisi ya uvuvi inataka kadi moja, mistari miwili: nyasi na samaki, kipi kinaelekea kwisha. Kinachokwisha ndicho kitakacholindwa. Nimeandika: Mafunjo, tele. Ngege, karibu kwisha. Basi nyavu za matundu madogo zitakamatwa. Ndugu yangu Odhiambo anao mmoja. Nimemwambia auache. Amecheka. Nimetia saini.

Alhamisi, 7 Februari
Askari wameshuka ufuoni asubuhi na kadi yangu mkononi. Wamerundika nyavu, wakamwaga mafuta ya taa, wakawasha. Odhiambo ameng'ang'ania wake. Amepigwa rungu la sikio, damu mpaka kifuani. Alikuwa ananitazama mimi, si askari. Nimeona haya. Nimekasirika pia. Si nilimwonya!

Jumamosi, 9 Februari
Odhiambo na wenzake wameyatia moto mafunjo.

"Si umeandika iko mingi? Sasa tuone!" Odhiambo huyo, kiberiti mkononi.

Mama Atieno husuka mikeka kwa mafunjo hayo. Yeye na wakataji wenzake hukata juu ya maji tu, machipukizi wanayaacha, na ghuba huota upya. Moto hauachi kitu. Kiangazi kimekausha maji, moto umeshuka mpaka mizizini. Wakataji wamekuja na mapanga. Nimeona kichwa kikipasuliwa kwa kasia. Mzee mmoja amekanyagwa tumboni palepale matopeni, analia, hakuna anayemjali. Odhiambo ameinua kasia juu ya Mama Atieno. Panga la huyo mama limewahi. Vidole vitatu vya ndugu yangu, mkono wa kulia. Nimeviokota mimi. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 11 Februari
Nimekanyaga majivu mpaka viatu vikaungua. Vidimbwini, katikati ya mizizi, vifaranga wa ngege. Wengi mno, wadogo kuliko kidole. Wote wameiva. Kumbe mafunjo ndiyo yaliyokuwa yakiwaficha na kuwalea, na mimi nimewaandika mistari miwili kama watu wasiojuana. Wakataji walijua. Sikuwauliza. Mjinga mkubwa mimi. Bwana Ofisa anataka kadi mpya kesho. Nimemtukana mbele ya makarani.

Jumapili, 17 Februari
Odhiambo yuko kwangu mjini, Kaloleni, tangu juzi. Hawezi tena kufunga fundo la wavu. Leo ameomba nimsomee ile kadi. Nimesoma mistari yote miwili. Ameuliza:

"Omera, ndugu yangu, na mimi uliniandika laini gani?"

Mchana Mama Atieno ameleta mkeka wa mafunjo ya mwaka jana. Ameuweka mlangoni akaenda, hakusalimia. Nilitaka kuutupa. Odhiambo amekataa, ameutandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akalala juu yake. Alipoamka nimemtolea ngege miba, nikamlisha.