Tromboni Haikuwa na Kosa

Baba Neema,

Usinisalimu. Leo sikuja kwa salamu. Nimekuja kukugombeza, na kwa kuwa umejificha mahali ambapo siwezi kukukamata kola, nimechukua karatasi. Unajua kalamu na mimi hatujawahi kupatana. Shule niliiacha mapema nikashika tromboni, na tromboni haikuniuliza cheti. Ukiona herufi zimelala, ziache zilale. Hasira imesimama.

Nianze na habari, maana wewe ulipenda habari kuliko chakula. Tangu tukuzike kwenye ile mvua nyembamba ya Birmingham, mambo ya fanfari yetu, bendi yetu ya shaba, yamegeuka. Tuba yako, ile shaba kubwa kuliko zote, anaibeba kijana wa Mama Solange. Begani inamkaa vizuri, kifua anacho, lakini anapuliza kama mtu anayepoza chai. Ukumbi wa kanisa pale Nechells wameupaka rangi ya maziwa, sasa kila mguu wa mtoto unaonekana ukutani. Na Otieno, yule Mkenya wetu anayetuongoza, amepata alichokuwa anakitaka: tumekubaliwa kwenye shindano. Si kupiga barabarani siku ya Pasaka tena, na kina mama nyuma wakipunga vitambaa. Ni uwanjani, ngoma na shaba, mistari inakunjwa na kukunjuliwa, na waamuzi wamekaa juu wakiangalia mguu wa kila mtu. Ni Jumamosi hii.

Haya, tuje kwenye kesi.

Unakumbuka ugomvi wa vyombo ulivyoanza. Otieno alisimama baada ya ibada, kikombe mkononi, akasema timu ya mashindano haichukui kila chombo cha shaba kilichozaliwa duniani. Tarumbeta, sawa. Baritoni, sawa. Tuba ya begani, sawa. Ni vyombo vya kubonyeza, midomo yote inatazama mbele, sauti inaenda upande mmoja. Tromboni? Hapana. Ati mkono wake unaingia na kutoka, unakula nafasi ya jirani, unaharibu mstari.

Niliwaka. Nilimwambia, "Kijana, mimi nimepuliza tromboni mbele ya magavana kabla mama yako hajaota meno." Watu wakacheka, lakini ni kweli, na wewe ulikuwepo. Nikawaeleza kwamba kule kwetu Uvira tromboni inatembea mstari wa kwanza. Juu ya nini? Kwa sababu ukiiweka katikati, ule mkono utamchoma mwenzako mgongoni. Kwa hiyo hatukuitupa. Tuliipa mbele. Ndivyo wanavyofanya watu wenye akili. Na fanfari ile ikipita sokoni, kitu cha kwanza wauza samaki walichokiona ni mkono wa tromboni ya Stani huyu unang'aa, wanavuta mabeseni yao haraka. Hakukuwa na mtu mwenye kunyoosha kama mimi. Hata leo hayupo, Uingereza nzima, nasema bila aibu.

Na wewe? Wewe rafiki yangu ulikaa pale na biskuti yako, ukasema mbele ya watu wote, "Stani, tromboni yako ni bomba la sinki lililokosa fundi." Ukumbi mzima ukalipuka. Hata mchungaji alishika tumbo.

Tukabishana mwaka mzima. Wewe ulisema, "Tarumbeta inatamka neno, tromboni inaliburuta." Mimi nikajibu kilio huburutwa, nani aliwahi kulia kwa vibonyezo? Ukasema kwenye mashindano watu hawaendi kulia. Nikasema basi ndiyo maana wanashindwa. Nilikuwa nikirudi kwangu Castle Vale kwa basi natengeneza jibu la Jumapili inayokuja, nalisema kwa sauti, Wazungu wananihama viti. Nilikuwa na furaha, Baba Neema. Wacha niiandike hivyo hivyo ilivyo. Nilidhani ni wanaume wawili wanaojua shaba, kila mmoja anapigania neno analoliamini.

Hata hospitali hukuacha. Ulivuta ile barakoa ya hewa pembeni, pumzi yenyewe huna, ukaniambia, "Bado haifai." Nikakuambia pona kwanza nikushinde vizuri, mimi sishindani na mgonjwa. Hukupona. Hilo nalo nitakudai.

Sasa sikia. Jumapili iliyopita mjukuu wangu Esther, yule wa tarumbeta, aliweka simu mbele ya macho yake akasoma sheria za shindano. Unamjua Esther, Kiswahili anakisikia chote lakini mdomo wake hauna hata neno moja. Akasema, "Babu, any brass." Chombo chochote cha shaba! Nikamwambia soma tena, paza sauti, kuna watu hapa wameziba masikio kwa nta. Akasoma tena. Nikanyanyuka. Nilizunguka viti vyote mkono juu kama bondia. "Otieno! Uko wapi, wakili wa vibonyezo? Njoo unijibu!"

Nilingoja anijibu. Nilitaka anijibu.

Watu wanaangalia viatu vyao. Mama Solange akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Na Otieno akanishika kiwiko, polepole, akanipeleka jikoni karibu na birika. Wewe unajua kazi ya Otieno, wiki nzima anawaogesha na kuwageuza wazee wa watu kitandani. Mkono wake una ile adabu ya kazini. Nilipousikia tu kwenye kiwiko changu nikajua kuna ubaya.

Akasema, "Mzee wangu, si tromboni."

"Ni nini basi?"

"Ni ile sehemu ya kurudi nyuma."

Unaijua sehemu hiyo. Katikati ya wimbo timu nzima inatembea kinyumenyume, mbio, kwa ncha za vidole, bila kugeuza shingo. Akanikumbusha kwamba nilianguka pale kwenye maegesho ya magari tukiifanya. Nikamwambia lami ilikuwa na maji. Na ilikuwa na maji! Akasema, "Sawa mzee. Lakini Baba Neema alikuona. Alinipigia jioni ile ile. Alisema miguu ya Stani imekwisha, akianguka na ile shaba mdomoni atavunja shingo. Akasema tusikuambie miguu. Mwambieni ni tromboni, atabishana, atafurahi, mwisho atachoka. Tukamwahidi, mzee. Alituapisha."

Baba Neema. Ee, Baba Neema.

Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa nabishana na huruma. Kila neno nililolitengeneza kwenye basi, nilikuwa namrushia mtu aliyekwisha kukubaliana na wenzake kunidanganya. Hao watoto wote walijua. Kijana wa Mama Solange alijua! Nilipokuwa napiga meza nikieleza habari ya mstari wa kwanza, walikuwa wanatazama magoti yangu.

Na wewe uliyepanga hayo yote ulikuwa mtu gani? Mapafu yako yalikuwa yanalia kama mlango mbovu. Hukuweza kupanda ngazi za kwako bila kupumzika katikati. Ukaacha kujipigania mwenyewe ukakaa unapanga habari za miguu yangu! Nani alikutuma? Mimi pumzi yako ilipoanza kuisha nilikuambia usoni, mbele ya wote: "Weka tuba chini, unapuliza kama kuku mwenye mafua." Ukacheka, ukaiweka chini. Hivyo ndivyo mimi ninavyomheshimu mtu. Namletea ukweli wake mkononi, afanye anachotaka. Wewe ukaweka wangu mfukoni, ukaondoka nao.

Nilikwenda kwa Mama Neema siku ya pili. Nilitembea Alum Rock Road yote kwa miguu hiyo hiyo mnayosema imekwisha, nikapita maduka ya nguo na ya kuku wa kukaanga, na sikuanguka, andika hilo huko uliko. Nilianza kupiga kelele kabla hajafungua mlango vizuri. Akaniacha. Aliweka chai, akaweka kalanga, akakaa kwenye kiti chako, mimi napiga kelele tu. Nilipomaliza akasema, "Shemeji, na mimi nilimwambia akuambie mwenyewe. Akasema, Stani angeniambia mimi usoni, lakini mimi sina kifua cha Stani."

Neno hilo lilinipendeza kidogo, sikatai. Hata wewe ulijua kifua kiko wapi. Lakini hasira haikupoa. Nilimwambia Mama Neema basi angejaribu tu, angekosea maneno, mimi ningemtukana, tungekaa wiki bila kuongea, halafu yangekwisha. Akasema, "Hakuwa na wiki, shemeji."

Nikala kalanga.

Juzi tulifanya mazoezi ya mwisho kwenye uwanja wa huku kwetu Castle Vale. Nilibeba tromboni yangu, nimeisugua mpaka ndege wanajiona ndani yake. Nafika, nakuta nini? Kiti. Kiti cha plastiki, kimewekwa pembeni kwenye marimba na zile ngoma kubwa zisizotembea, na juu yake mto! Otieno anasema, "Mzee, hapa utapuliza vizuri, umekaa, hakuna presha." Watoto wote wananitabasamia kama mimi ni mtoto mchanga amepiga chafya. Nilikipiga kiti teke. Goti liliniuma lakini hawakuona. Nikaenda mstari wa kwanza, katikati, mahali pangu, nikasimama. Nani angenitoa? Otieno alijishika kichwa. Akainua mkono, tukaanza.

Mbele tulikwenda vizuri. Kando vizuri. Ikaja ile sehemu. Ngoma zikabadilika, wote wakaanza kurudi. Mguu wangu ulitaka kuwafuata, nakuambia kweli. Ulinyanyuka. Halafu nikakukumbuka unavuta barakoa unaniambia bado haifai, huku ukijua, na damu ikanipanda mpaka kwenye masikio. Nikaurudisha mguu chini. Nikasema moyoni, mimi sirudi. Warudi wao.

Wakarudi. Tarumbeta zinaondoka, baritoni zinaondoka, tuba yako inaondoka, sauti yao inakwenda mbali nyuma ya mgongo wangu. Mimi nimebaki peke yangu mbele ya uwanja wote. Nikanyoosha mkono wa tromboni mpaka mwisho, nikaiburuta ile noti, ndiyo, niliiburuta, na kwa kuwa wao walikuwa mbali mno, ilibaki ya kwangu tu. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa anapita na mbwa alisimama. Mbwa akakaa.

Ilipokwisha nilingoja kugombezwa. Nilikuwa nimejiandaa, maneno yalikuwa yamekwisha kupangwa. Otieno akaja mpaka karibu, akaniangalia, akaangalia wale kule nyuma. Ile sauti ya upole ya kazini haikuwepo. Alifoka, "Mzee Stani, umeharibu mstari wangu wote! Rudia hivyo hivyo. Usisogee hata kidole. Nyinyi wengine, rudini mbali zaidi!"

Tukarudia mpaka midomo ikavimba. Ndivyo tutakavyofanya Jumamosi. Mimi nasimama, wao wananiacha.

Halafu, sikia hii. Tunakusanya vyombo, msichana mmoja wa baritoni, Furaha, ananijia mkono kiunoni. "Mzee, mimi bado sikubali. Tromboni inang'aa kivyake, inaongea kivyake, waamuzi watatukata alama. Haifai kabisa." Hakutabasamu hata kidogo. Alikuwa amekasirika kweli! Nilitaka kumkumbatia. Nilimwambia baritoni yake ni tarumbeta iliyokula ugali mwingi, na tukabishana mpaka kwenye kituo cha basi, na basi lake likamwacha.

Sasa nakuaga, na usidhani nimekusamehe. Mama Neema anasema nikusamehe, mchungaji anasema nikusamehe, wote wana haraka. Mimi nitafanya kwa wakati wangu. Ulinipenda kwa njia ya woga, na mimi sikuzoea kupendwa hivyo. Ungeniudhi tu. Ungekaa na mimi ndani ya kuudhika huko, hata kidogo, kabla hujakwenda.

Nakuahidi hili. Jumamosi nitasimama pale mbele na nitapuliza kwa hasira hii hii, kwa sababu ndiyo pumzi uliyoniachia. Waamuzi wakiuliza mzee huyu anaitoa wapi, sitawaambia.

Lala, mkaidi we.

Ni mimi Stani, tromboni ya kwanza. Ya pili hakuna.