Mbao za Plastiki Chini ya Viti vya Wakubwa

Palma, Jumatatu, baada ya adhuhuri

Umbu langu Mwanahamisi,

Assalaam aleikum. Natumai karatasi hii itakukuta una nguvu za kuisoma mwenyewe, bila kumwita mjukuu akusomee kwa kuyakwaruza maneno kama wasomavyo watoto wa siku hizi. Magoti yako yanaendeleaje? Na shemeji, kile kifua chake kimetulia, au bado anashikilia kwamba tumbaku haimdhuru mtu aliyekwisha kuzeeka? Sisi huku tu wazima. Zubeda ni mzima, wanawe ni wazima, nami ni mzima ila hasira, ambayo kwa umri wangu ni namna ya afya.

Uliniuliza kama ni kweli kwamba binti yangu hutengeneza mbao kwa takataka. Ni kweli. Watu waliporudi kutoka makambini baada ya vita, lilikuja shirika moja likajenga banda karibu na diko, pale wanaposhusha samaki. Wanawake huokota chupa, madumu na ndoo zilizovunjika ufukweni, huziosha, huzisaga kwa mashine, huziyeyusha, kisha huumimina uji wake katika kalibu ya chuma. Ukipoa hutoka ubao mzito wa rangi ya tope. Mchwa hawauli na chumvi haiuozeshi. Kazi yenyewe haina aibu. Aibu iko kwa wanaoisimamia.

Kwa Zubeda hili si jambo la mchezo. Tangu mumewe alipotoweka katika vita vile, asijulikane alipo wala kaburi lake, hii ndiyo riziki ya kwanza ambayo hakupanga foleni ya msaada kuipokea. Na mbao hizo ziliagizwa kwa ajili ya njia ya miguu ya kuvukia hori, baina ya mtaa wetu na diko. Ulalo wa zamani uliungua. Sasa wanawake huvuka topeni na matenga ya samaki vichwani, na maji yakijaa hukaa ng'ambo hadi yapwe. Basi mambo mawili yalitegemea mbao zile. Zikifaa, watu watavuka na banda litaendelea. Zisipofaa, banda litafungwa na binti yangu atarudi kwenye foleni.

Ilibidi kwanza zijaribiwe kubeba uzito. Akaletwa kijana mmoja injinia, avaaye miwani ya jua hata akiwa ndani ya banda. Alilaza mbao juu ya mihimili miwili, akavuta uzi chini yake kutoka ncha hadi ncha, akapanga mifuko ya mchanga katikati. Ilikuwa asubuhi, umande haujakauka. Akaagiza chai. Alipomaliza kikombe akapima kwa rula, akaiondoa mifuko, akapiga picha, akasema, "Imepita."

"Nini kimepita?" nikamwuliza.

"Teste, Mwalimu, jaribio. Carga, yaani mzigo, imepita."

Huo ndio usomi wa leo. Mchanga hauchoki, haubebi tenga, haupishani na mwenzake njiani, wala haukai juani. Lakini kijana alikuwa na picha, na mtu mwenye picha huku haulizwi swali.

Baada ya hapo ikaandaliwa sherehe ya kuzipokea mbao. Mtu wa itifaki, ambaye shati lake limepigwa pasi kuliko akili yake, alipata wazo. Wakubwa wa serikali, ambao huku huitwa "estrutura" kana kwamba ni jengo, waketi juu ya mbao zenyewe, ili wananchi waone kwamba wanaziamini. Likajengwa jukwaa. Mihimili iliachana kadiri ile ile ambayo nguzo zitaachana katika njia ya hori. Juu yake viliwekwa viti vya sofa kutoka ofisini, vizito kama majeneza, na mimi nikapewa kimoja, nikiwa mzee wa mtaa. Walikusudia waketi, wapigwe picha, washuke.

Mwanahamisi, wewe unawajua watu wenye kipaza sauti. Mkubwa aliyetumwa kutoka mjini alianza kusema kabla ya adhuhuri. Alishukuru waliokuja, akashukuru waliotaka kuja, akashukuru mitambo. Hakuna aliyethubutu kuinuka kabla hajamaliza, naye kwa kuwa hakumwona anayeinuka, akaamini kwamba tunafurahi. Kivuli cha turubai kikahama kutoka kwetu kikaenda kuwahifadhi mbuzi. Plastiki ikapata moto. Nikahisi magoti yangu yanapanda polepole kuelekea kidevuni.

Nilitazama kando. Shefe, mkuu wa mtaa, alikuwa ameinama kumwelekea jirani yake kama mtu anayemnong'oneza siri, na jirani yake ameinama kumwelekea yeye. Hawakuwa wakinong'ona. Wote walikuwa wakiteleza kuelekea katikati. Na nyuso zao, wallahi, zilikuwa tulivu kama za watu walio msikitini. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alingoja mwenye cheo kikubwa zaidi ajue kwanza.

Wanawake wa banda walikuwa mkekani mbele yetu, na macho yao yalikuwa usawa wa mihimili.

"Mama wee, wazee wanazama!" akasema mmoja.

"Nyamaza wewe," akajibu Bi Atija, yule mnene mwenye ulimi, ambaye ndiye anayeendesha mashine ya kusaga. "Mkubwa hazami. Anajiketisha vizuri."

"Huyo wa katikati akijiketisha zaidi atafika Tanzania."

Zubeda hakucheka. Alikuwa ameshika mdomo kwa ncha ya kanga, akinitazama mimi.

Hotuba ilipokwisha nikaitwa nitoe shukrani kwa niaba ya wazee. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matamu tushuke, tule pilau. Nikayaona akilini matenga ya samaki, nikaona vichwa vilivyo chini yake. Nikasema, "Waheshimiwa, kabla ya shukrani, tafadhalini shukeni, maana tumekaa juu ya kitu kinachopinda."

Kisha wakashuka kwa kusaidiwa, kama watu wanaotolewa shimoni. Viti vikaondolewa. Mbao hazikurudi, zilibaki zimebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea.

Injinia akaja mbio. "Mwalimu, hiyo ni kawaida. Plastiki inapumua."

"Kinachopumua kina mapafu," nikamwambia. "Onyesha mapafu yake."

"Lakini asubuhi ile ilipita!"

"Asubuhi ile kulikuwa na baridi, na mchanga wako haukutoa hotuba."

Watu wakacheka. Pilau ikaliwa upesi, na wakubwa wakaondoka wakipangusa suruali. Niliona nimefanya kazi nzuri. Nilirudi nyumbani nimeinua shingo, na huko nikamkuta Zubeda amesimama mlangoni.

"Baba, ulishindwa kunyamaza?"

"Ningenyamaza, nani angezama horini? Shefe?"

"Umeutukana ubao wetu mbele ya watu wote. Kosa la ubao ni lipi? Hilo benchi la bandani tunalokalia kutwa ni mbao zile zile. Mbona halipindi?"

"Kwa sababu miguu yake iko karibu karibu."

"Basi hilo ungelisema! Ulisema kitu kinapinda, ukaishia hapo ukapigiwa vicheko."

Aliingia ndani, umbu langu, akaniacha mlangoni. Chakula cha jioni niliwekewa na mjukuu.

Kesho yake, nilipopita bandani, niliwakuta wanawake wamelaza mbao mpya juu ya mihimili ile ile, lakini wameongeza mwingine katikati. Wamezilaza nje, juani. Wamejaa juu yake bega kwa bega, wakichambua mchele.

"Mwalimu!" akaita Bi Atija. "Njoo upime. Leo hakuna mkubwa, kuna wazito tu."

Nilikaa nao. Tulikaa tukala, wakaniimbia nyimbo ambazo sitaziandika katika barua ya mtu mzima, na waliotaka kunisengenya walinisengenya nikiwa pale pale, kwa jina langu. Tukashuka ilipoadhiniwa alasiri. Zubeda mwenyewe akavuta uzi. Mbao zilikuwa zimelala kama zilivyolazwa. Akanitazama, akaukunja uzi.

Nikadhani jambo limekwisha. Nguzo ziongezwe, njia ijengwe, wanawake waendelee na kazi. Hata mtoto wa chuoni angefika hapo. Lakini sikuzingatia kwamba lipo shirika. Injinia alirudi na miwani yake akatueleza kwamba mchoro umekwisha kugongwa muhuri huko wakubwa walipo. Nguzo za kati hazimo mchoroni. Kwa hiyo nguzo za kati hazipo. Na jaribio la jukwaani halihesabiwi, kwa kuwa halikupangwa kuwa jaribio. Lililopangwa ni lile la chai, nalo lilipita.

"Na watu wakibonyea?" akauliza Zubeda.

"Tutaweka kibao cha onyo," akajibu. "Wavuke mmoja mmoja, asubuhi."

Mwanahamisi, nimefundisha wajinga maisha yangu yote, na nimewaheshimu wengi wao, kwa sababu mjinga hana habari. Huyu ana habari. Aliuona ubao umepinda kwa macho yake, akaenda kuuliza karatasi kama umepinda.

Juzi likaja lori kuchukua mbao lizipeleke horini. Lilikuta zimepangwa vizuri mbele ya banda, na juu ya rundo hilo wameketi wanawake wote, na vikapu vyao, na vitoto vyao vya kunyonya. Dereva alipiga honi. Bi Atija akamwuliza anamwita nani kwa pembe, na kama kwao hawajui hodi.

"Mbao hazitoki," akasema Zubeda, bila kupaza sauti. "Zikitoka zitoke na nguzo."

"Mama, mimi ni dereva tu. Mkikataa mtafungiwa banda."

"Tufungiwe. Atakayeanguka horini na tenga kichwani atasema ubao wa Zubeda ulimtupa."

Dereva akaona mvi zangu. "Babu, wewe ni mtu mzima. Waambie wanao washuke."

Mtu wa itifaki alikuwepo pia, kando ya lori. Akaongeza, "Mwalimu, wewe husikilizwa. Sema neno moja, kazi ya binti yako ipone."

Nilimtazama kuanzia kola hadi viatu, na sikuona mahali pa kuwekea neno. Nikavua makubadhi. Bi Atija akasogea: "Mpisheni Mwalimu, lakini asitoe hotuba." Nikapanda, kwa taabu, na hakuna aliyecheka. Zubeda hakunigeukia, ila alivua kanga ya begani akanitupia niikalie, kwa kuwa plastiki ilikuwa imepata moto.

Lori liliondoka tupu. Hatujasikia neno tangu siku hiyo, na huenda lijalo likawa kufuli. Sitakudanganya kwamba siogopi.

Nisalimie shemeji, mwambie sumu ni sumu hata kwa mzee. Nisalimie mwanao mkubwa fundi cherehani, na mkewe, na yule mjukuu wako aliye chuoni, afunzwe kusoma kwa kituo. Wasalimie majirani wa mtaa wetu wa Mikindani, na wewe usinisahau katika dua, wala usiwasahau hawa wanawake.

Barua hii namkabidhi mchuuzi anayevuka Ruvuma leo. Zubeda anamsalimu sana shangazi yake. Alitaka kuongeza maneno yake hapa chini, lakini zamu yake ya kuzikalia mbao haijaisha, na mimi nakwenda kumpokea zamu.

Kaka yako,
Mwalimu Bakari